Namna ya Kuitazama Filamu ya Maisha ya Tupac Shakur kwa Jicho la Mkaguzi

Filamu ya All Eyez on Me, inayosimulia maisha ya Tupac Shakur, ilianza kuonyeshwa katika kumbi za sinema za Marekani tarehe 16 Juni 2017, siku ambayo mwenyewe angetimiza miaka 46 kama angekuwa hai. Kwa watazamaji wengi waliozaliwa baada ya kifo chake, filamu hiyo ndiyo chanzo cha kwanza cha habari zake, na kwa baadhi yao ndicho chanzo pekee. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuitazama huku akijua ni kipi kati ya anavyoviona kilitokea kweli, ni kipi kilisogezwa kutoka mahali pake na ni kipi kilitungwa na waandishi wa mswada. Njia ninayoipendekeza haianzi na picha, bali inaanza na swali la kisheria: ni nani aliyekuwa na haki ya kuyasimulia maisha hayo, na ni nani aliyekuwa na haki ya nyimbo zake? Kwa maoni yangu, mtu akishalijua jibu la swali hilo, sehemu kubwa ya maamuzi ya filamu humfumbukia kabla hata hajaketi kuitazama.

Anza na majina ya watayarishaji

Filamu ya maisha ya rapa haitengenezwi kama filamu ya mfalme wa karne za kale. Mfalme wa kale hana mirathi inayosimamiwa na mawakili, wala hakuacha nyimbo ambazo kila moja ina mwenye haki ya utunzi na mwenye haki ya rekodi. Mtayarishaji anayetaka sauti halisi ya msanii isikike ndani ya filamu ni lazima apate ruhusa mbili tofauti, moja ya maneno na muziki uliotungwa na nyingine ya rekodi yenyewe iliyotoka studio; na akitaka ushirikiano wa familia pamoja na kumbukumbu za nyumbani, hana budi kupokea pia masharti yanayoambatana na ushirikiano huo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuwasha filamu yoyote ya aina hii, tafuta orodha ya watayarishaji wake, uisome jina kwa jina, na ujiulize kila mmoja wao alikuwa nani katika maisha ya msanii anayesimuliwa.

Fanya zoezi hilo kwanza kwa filamu ambayo majibu yake yako wazi. Straight Outta Compton ya mwaka 2015, iliyoongozwa na F. Gary Gray, inasimulia habari za kundi la rap la N.W.A, na miongoni mwa watayarishaji wake wamo Ice Cube, Dr. Dre, na Tomica Woods-Wright, ambaye ni mjane wa Eazy-E. Tazama sasa ni akina nani waliopewa nafasi ya katikati katika hadithi: ni Ice Cube, Dr. Dre na Eazy-E. MC Ren, aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi ya kundi hilo, anaonekana pembeni, na alilalamika hadharani kuhusu jinsi matangazo ya filamu yalivyomwacha nje. Meneja wao wa zamani, Jerry Heller, ambaye filamu inamchora kama mtu aliyewanyonya vijana hao, alifungua kesi ya madai mwaka huo huo, naye alifariki mwaka 2016. Na mwandishi wa habari Dee Barnes, ambaye Dr. Dre alimshambulia mwaka 1991, hayumo kabisa. Barnes aliandika makala kuhusu kuachwa huko filamu ilipokuwa bado kumbini, na siku chache baadaye Dr. Dre aliomba radhi, kupitia gazeti la New York Times, kwa wanawake aliowaumiza. Filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani haikuwa na dakika moja ya kulitaja tukio hilo, na mtu aliyesoma orodha ya watayarishaji alikuwa na sababu ya kulitarajia pengo hilo.

Notorious ya mwaka 2009, inayohusu maisha ya rapa The Notorious B.I.G., aliyejulikana pia kama Biggie, nayo inasomeka kwa njia hiyo hiyo. Mama yake, Voletta Wallace, alikuwa mmoja wa watayarishaji, pamoja na Mark Pitts na Wayne Barrow waliowahi kuwa mameneja wa mwanawe. Sean Combs, mwenye kampuni ya muziki iliyotoa nyimbo za Biggie, alikuwa mtayarishaji mtendaji. Na utoto wa msanii uliigizwa na mtoto wake mwenyewe, Christopher Jordan Wallace. Rapa Lil' Kim, ambaye hakuwa na kiti katika meza hiyo, hakuridhishwa hata kidogo na jinsi alivyochorwa.

Ukirudi kwa Tupac, utaona kwamba mambo yalikuwa magumu zaidi. Kampuni ya Morgan Creek na upande wa Afeni Shakur, mama yake, walifikishana mahakamani mwaka 2009 kuhusu haki za kuyasimulia maisha hayo, na miaka ikapita kabla kamera haijawashwa. Waongozaji walibadilishwa zaidi ya mara moja. John Singleton, aliyemwongoza Tupac mwenyewe katika Poetic Justice ya mwaka 1993, aliingia kisha akajitoa mwaka 2015, akidai kwamba waliohusika hawakuuheshimu urithi wa msanii huyo. Kazi ikamwangukia Benny Boom, ambaye jina lake lilijengwa zaidi na video za muziki. Mswada una majina ya waandishi watatu: Jeremy Haft, Eddie Gonzalez na Steven Bagatourian. Afeni alifariki tarehe 2 Mei 2016, mwaka mmoja kabla filamu haijatoka. Mtu mwenye habari hizi hatashangaa kuona filamu inayoruka kutoka tukio moja mashuhuri hadi jingine kama mfululizo wa video, wala hatamlaumu kwa hilo Demetrius Shipp Jr., mwigizaji aliyefanana na marehemu kiasi cha kutisha na aliyebeba mzigo huo mzito katika filamu yake ya kwanza kubwa.

Tengeneza kalenda yako kabla ya kuona ya kwao

Filamu ina urefu wa takriban dakika 140, na maisha inayoyasimulia yalidumu miaka 25. Ukigawa, kila mwaka unapata wastani wa dakika tano na nusu, jambo linalomaanisha kwamba kusogeza na kubana matukio ni lazima, na kosa haliko katika kubana kwenyewe bali katika maana inayozaliwa pale mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali yanapowekwa jirani. Huwezi kuliona hilo bila kalenda. Chukua ukurasa mmoja wa daftari, ugawe safu mbili kwa mstari wa wima, na katika safu ya kushoto uandike tarehe zinazojulikana, ukiiacha ya kulia wazi.

Mwanzoni weka tarehe 16 Juni 1971, kuzaliwa kwake huko East Harlem, New York. Fuatisha miaka ya Baltimore, ambako alisoma katika Baltimore School for the Arts na kufahamiana na Jada Pinkett, kisha mwaka 1988, familia ilipohamia Marin City, California. Mwaka 1991 unahitaji mistari miwili: kusikika kwake ndani ya kundi la Digital Underground, na kutoka kwa albamu yake ya kwanza, 2Pacalypse Now, mwezi Novemba. Mwaka 1992 andika filamu ya Juice, pamoja na Dan Quayle, Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo, kuishambulia albamu hiyo hadharani. Mwaka 1993 uwe na nafasi kubwa, kwa sababu ndani yake kuna tukio la Atlanta la tarehe 31 Oktoba, alipowafyatulia risasi polisi wawili ambao hawakuwa zamuni na mashtaka yakaja kufutwa, na mwezi Novemba kuna tukio la hotelini New York lililomfikisha kizimbani.

Kuanzia hapo andika kwa siku, si kwa miaka. Usiku wa tarehe 30 Novemba 1994 alipigwa risasi na kuporwa katika studio za Quad, Manhattan. Siku iliyofuata, tarehe 1 Desemba, aliingia mahakamani akiwa katika kiti cha magurudumu, na baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani kwa udhalilishaji wa kingono huku likimwachia kwa mashtaka mengine mazito zaidi. Februari 1995 alihukumiwa kifungo cha kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka minne na nusu. Machi mwaka huo albamu yake ya Me Against the World ilitoka na kushika nafasi ya kwanza Marekani yeye akiwa gerezani. Oktoba aliachiwa kwa dhamana ya dola milioni 1.4 akisubiri rufaa, akajiunga na kampuni ya muziki ya Death Row Records ya Suge Knight, na tarehe 13 Februari 1996 ikatoka albamu ya diski mbili ambayo filamu imechukua jina lake. Tarehe 7 Septemba 1996 alipigwa risasi Las Vegas baada ya pambano la Mike Tyson na Bruce Seldon, na tarehe 13 Septemba akafariki.

Ukiutazama ukurasa huo utagundua jambo ambalo filamu, kwa ukubwa wa picha zake, hulificha: tangu kutoka gerezani hadi kufa ni miezi kumi na moja tu. Katika kumbukumbu za watu, Tupac wa Death Row ndiye Tupac mzima, ilhali muda huo ni kipande kidogo cha maisha yake ya kazi.

Mara ya kwanza, tazama bila kusimamisha

Itazame kama mtazamaji mwingine yeyote, bila daftari mkononi. Tahadhari moja tu inahitajika. Wengi wetu Afrika Mashariki tumezoea nakala zenye sauti ya msimulizi, awe DJ Afro kwa upande wa Kenya au VJ Jingo kwa upande wa Uganda, na usimulizi huo ni sanaa inayojitegemea yenye utamu wake. Kwa kazi hii, hata hivyo, hiyo isiwe nakala yako ya kuanzia, kwa kuwa sauti ya msimulizi hufunika majina ya watu na mahali, nayo majina hayo ndiyo utakayoyahitaji baadaye. Tumia nakala yenye sauti ya asili na manukuu.

Mara ya pili, uliza nani alikuwepo

Sasa fungua ile safu ya kulia ya daftari. Kwa kila tukio andika herufi moja: K kwa kilichotokea, S kwa kilichosogezwa, T kwa kilichotungwa, na alama ya kuuliza pale usipoweza kuamua. Usione haya kuwa na alama nyingi za kuuliza, kwani daftari lisilo nazo ni la mtu aliyeamua kwa haraka.

Swali litakalokusaidia kuliko mengine yote ni hili: nani alikuwepo chumbani, na je, amewahi kusema? Mahojiano ya gazetini, ushahidi wa mahakamani na kumbukumbu zilizoandikwa vyote hutokana na watu waliokuwepo. Pale filamu inapoonyesha mazungumzo ya faragha kati ya watu wawili ambao wote wamefariki bila kuacha neno, huhitaji utafiti wowote ili kujua kwamba maneno hayo ni ya waandishi wa mswada. Pale mmoja wao anapokuwa hai, mtafute.

Mfano bora kabisa ni wa Jada Pinkett Smith. Siku ile ile filamu ilipotoka, aliandika kwenye Twitter kwamba jinsi uhusiano wake na Tupac ulivyosimuliwa upya ilimuumiza sana, kisha akataja mambo mahususi. Tupac hakuwahi kumsomea lile shairi linaloonekana katika filamu, na yeye hakujua kwamba shairi hilo lipo hadi lilipochapishwa katika kitabu cha mashairi ya marehemu. Hakukuwa na tukio la kuagana kabla Tupac hajaondoka kwenda Los Angeles. Wala hawakuwahi kugombana nyuma ya jukwaa, kwani hakuwahi kuhudhuria maonyesho yake, na hilo lilikuwa ombi la Tupac mwenyewe. Katika maelezo hayo hayo aliwasifu waigizaji, Shipp na Kat Graham aliyemwigiza yeye, na hivyo hatuwezi kusema kwamba alikuwa na kinyongo na kila kitu. Hapo unapata T tatu kwa mkupuo mmoja. Tazama pia ni za aina gani: shairi, kuagana na ugomvi. Ni vipande vinavyohitajika pale mswada unapotaka uhusiano wa kirafiki usomeke kama mapenzi yaliyokosa bahati, na mahali pengine ambapo filamu ya wasifu inatumia vipande vya namna hiyo panastahili kutiliwa shaka hiyo hiyo hata kama hakuna aliyejitokeza kukanusha.

Baada ya hapo, kagua mhimili wa usimulizi. Nusu ya kwanza ya filamu inaendeshwa na mahojiano: Tupac yuko gereza la Clinton, jimbo la New York, na mwandishi wa habari anayeigizwa na Hill Harper anamuuliza kuhusu maisha yake, naye akijibu tunarudishwa nyuma. Mbinu hii si ya bure. Kila kinachoonekana kinatoka kinywani mwa Tupac, na mwandishi yule yupo kuuliza yale ambayo mtazamaji mwenye mashaka angeuliza, kisha ajibiwe. Katika uhalisia, mahojiano mashuhuri ya kipindi hicho yalifanywa Januari 1995 na Kevin Powell wa jarida la Vibe, Tupac akiwa Rikers Island kabla ya hukumu kutolewa. Mwaka 2017 Powell aliwafungulia kesi watengenezaji wa filamu akidai kwamba wametumia makala zake bila idhini, na hoja yake moja inafaa kufundishwa kwa kila anayejifunza ukaguzi: filamu ina mhusika anayeitwa Nigel, na Powell alisema jina hilo alilibuni yeye ili kumficha mtu halisi katika makala yake. Kwa maelezo yake, basi, jina la kubuni lilihama kutoka gazetini hadi kwenye skrini likiwa limevaa nguo za ukweli. Unapokagua filamu yoyote ya wasifu, fuatilia majina ya wahusika wa pembeni. Mara nyingi ndiyo yanayoonyesha waandishi walisoma wapi.

Mama yake asipite haraka

Sehemu ya mwanzo, yenye Afeni Shakur anayeigizwa na Danai Gurira, ndiyo ninayoiona kuwa bora zaidi katika filamu nzima, na ndiyo inayopitishwa kwa kasi isiyostahili. Afeni alikuwa mmoja wa wanachama 21 wa Black Panther, chama cha kupigania haki za Wamarekani weusi, wa New York walioshtakiwa mwaka 1969 kwa kula njama za kulipua majengo. Alijitetea mwenyewe mahakamani akiwa mjamzito, bila wakili, na Mei 1971 yeye na wenzake wakaachiwa huru kwa mashtaka yote. Tupac alizaliwa mwezi mmoja baadaye. Simamisha filamu hapo na utafute habari za kesi hiyo, kwa sababu bila hiyo hasira ya kijana dhidi ya polisi inaonekana kuwa tabia yake binafsi, ilhali alizaliwa katika nyumba ambayo dola ilikuwa imeshafika mlangoni kabla yake. Baba yake wa kambo, Mutulu Shakur, alikamatwa mwaka 1986 na kukaa gerezani hadi mwishoni mwa 2022.

Hapa pia msomaji wa Kiswahili ana sababu ya karibu ya kupekua. Baba wa ubatizo wa Tupac, Geronimo Pratt, kiongozi wa Black Panther wa Los Angeles, alikaa gerezani miaka 27 hadi hukumu yake ilipotenguliwa mwaka 1997. Baadaye alihamia Tanzania, katika kijiji cha Imbaseni karibu na Arusha, ambako Pete na Charlotte O'Neal, wanachama wenzake wa zamani waliokuwa uhamishoni, walikuwa wamejenga makazi na kituo cha jamii. Alifia huko Juni 2011. Kwa hiyo baba wa ubatizo wa Tupac alimalizia maisha yake mahali ambapo basi la kutoka Moshi linapita.

Kesi ya New York isomwe nje ya filamu

Tukio la hotelini la Novemba 1993 ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, na ndilo ambalo watazamaji wengi hulipitia juu juu. Filamu inalionyesha kwa macho ya Tupac: alikuwa amelala chumba kingine, hakujua, aliponzwa na watu aliokuwa nao. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe hadi kufa kwake. Baraza la wazee wa mahakama, lililosikiliza pande zote mbili, lilimtia hatiani kwa udhalilishaji wa kingono na kumwachia kwa mengine. Mwanamke aliyelalamika naye ana maelezo yake, ambayo aliyatoa mahakamani na hadharani. Kwa kuwa usimulizi wote wa nusu ya kwanza umefungwa katika kinywa cha mtu mmoja, maelezo ya yule mwanamke hayana mlango wa kuingilia. Usiandike K wala T kwenye tukio hili. Andika tarehe, uamuzi wa mahakama, na maneno "upande mmoja", kisha usonge mbele.

Usiku mmoja katika filamu mbili

Zoezi hili ndilo ninalolipenda zaidi, na linawezekana kwa sababu ya bahati isiyo ya kawaida. Jamal Woolard alimwigiza The Notorious B.I.G. katika Notorious mwaka 2009, kisha akamwigiza tena katika All Eyez on Me mwaka 2017. Filamu zote mbili zinauonyesha usiku wa studio za Quad. Mwigizaji ni yule yule na usiku ni ule ule, lakini mwenye hadithi amebadilika.

Zitazame sehemu hizo mbili moja baada ya nyingine. Mambo yasiyobishaniwa ni machache: Tupac alifika kurekodi, akavamiwa kwenye ukumbi wa chini, akapigwa risasi na kuporwa vito, akapanda kwa lifti hadi juu, akawakuta Biggie, Combs na wenzao. Yaliyobaki ni nyuso. Angalia katika kila filamu kamera inakaa kwa nani lifti inapofunguka, Woolard anatumia uso gani, na nani anaanza kusema. Tupac aliamini kwamba waliokuwa juu walijua kitakachotokea. Biggie na Combs walikana. Filamu iliyotayarishwa na mama wa Biggie na filamu ya maisha ya Tupac haziwezi kuupiga picha mlango wa lifti kwa namna moja, na tofauti hiyo inakufundisha kuhusu filamu za wasifu zaidi ya kitabu chochote cha nadharia. Andika pia katika kalenda yako wimbo wa Biggie wa "Who Shot Ya?", uliotoka mapema 1995, ambao Tupac aliuchukua kama kejeli dhidi yake huku upande wa Biggie ukisisitiza kwamba ulirekodiwa kabla ya tukio, na jibu la Tupac, "Hit 'Em Up" wa Juni 1996, ambao hauhitaji mfasiri.

Kwa ulinganisho mwepesi zaidi, chukua onyesho la N.W.A la Detroit mwaka 1989 kama linavyoonekana katika Straight Outta Compton. Katika filamu, vurugu za ukumbini zinaishia kwa wanamuziki kukamatwa mbele ya umati wenye ghadhabu. Katika uhalisia polisi walilivuruga onyesho, wasanii wakakimbia jukwaani, na baadaye wakashikiliwa kwa muda mfupi hotelini. Hilo ni S lenye chumvi ya T. Hakuna aliyedhulumiwa na mabadiliko hayo, na ndiyo maana sioni sababu ya kuyapigia kelele kama ya Dee Barnes.

Baada ya kuzima

Filamu za makala zitakusaidia kujaza alama za kuuliza, ingawa nazo zina wenyewe. Tupac: Resurrection ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Lauren Lazin na kupendekezwa kuwania tuzo ya Oscar, inasimuliwa na sauti ya Tupac mwenyewe iliyounganishwa kutoka katika mahojiano yake, na Afeni alikuwa mtayarishaji wake mtendaji. Inafaa sana kwa kusikia jinsi alivyozungumza, kwa sababu Shipp, pamoja na kufanana kwake, hakuipata ile kasi ya maneno na kicheko kilichokatiza sentensi. Dear Mama ya mwaka 2023, yenye sehemu tano, iliongozwa na Allen Hughes. Jina hilo litafute katika kumbukumbu za mahakama: Hughes ndiye mwongozaji ambaye Tupac na wenzake walimpiga mwaka 1993 baada ya Tupac kuondolewa katika filamu ya Menace II Society, na Tupac alifungwa siku 15 kwa kosa hilo. Miaka thelathini baadaye, aliyepigwa ndiye aliyeketi kuusimulia uhusiano wa mama na mwana kwa upole ambao filamu ya wasifu haikuufikia. Kama una muda wa kutazama kazi moja tu ya ziada, chagua hii.

Mwisho, urudi kwenye mistari ya mwisho ya kalenda yako, ile ya Las Vegas. Filamu ya 2017 ilitengenezwa wakati ambapo hakuna mtu aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji hayo. Septemba 2023 polisi wa Las Vegas walimkamata Duane Davis, anayejulikana kwa jina la Keffe D, ambaye ni mjomba wa Orlando Anderson, kijana aliyepigwa na Tupac na wenzake katika hoteli ya MGM Grand saa chache kabla ya risasi. Davis alishtakiwa kwa mauaji na amekana shtaka. Tukio la kumpiga Anderson lilinaswa na kamera za hoteli, kwa hiyo lina K yake bila ubishi. Kwa gari jeupe na mkono uliotoka dirishani, iache safu ya kulia na alama ya kuuliza, uandike kando yake jina la kesi, na usiijaze kwa kutegemea filamu yoyote mpaka mahakama ya Nevada itakapokuwa imesema.